Neno Alilobaki Nalo Muia

Watu wa mtaa wa Kambi Muru walimjua Shivachi kwa mambo mawili: useremala wake na maombi yake. Kitanda alichokiunda hakikulia, na akisimama kuomba kanisani hata watoto walitulia. Lakini tangu mkewe Phanice azikwe, palikuwa na mahali pamoja katika sala ya Bwana ambapo mzee huyu wa kanisa alifunga mdomo. Wenzake wakifika pale pa kuwasamehe waliowakosea, yeye alinyamaza, akawangoja mbele, kisha akaendelea nao. Hakuna aliyegundua ila binti yake Nasike, aliyesimama kando yake kila Jumapili.

Aliyemfungia moyo ni Muia, mwendesha bodaboda wa Kawangware. Phanice alikuwa amekwenda huko kununua mitumba ya watoto, mvua ikamkuta, akapanda pikipiki ya Muia arudi nyumbani. Muia aliendesha kasi kwenye lami iliyolowa. Pikipiki ikateleza kwenye kona. Yeye alichubuka magoti. Phanice aliangukia kichwa, akakata roho kando ya barabara kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Muia hakukimbia wala hakudanganya. Aliwaambia polisi, na kila aliyeuliza, kwamba kosa lilikuwa lake.

Shivachi aliporudi kutoka mazishini kwao Vihiga, mke wa Muia, Ndunge, alikuja Kambi Muru. Alimkuta akipiga randa.

"Baba Nasike, pole sana. Mume wangu amenituma. Anaomba akuone. Angekuja mwenyewe, lakini anaogopa utaona ni dharau."

"Asikanyage hapa."

"Basi uje wewe, siku yoyote ile. Ako na kitu anataka kukuambia."

"Mama, rudi nyumbani. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini huyo bwana yako sitaki hata kusikia jina lake."

Kesho yake asubuhi, alipopiga magoti, neno moja lilimjia moyoni, wazi kana kwamba mtu amemnong'oneza: Nenda kwa Muia. Akalifukuza kama nzi. Likarudi. Likawa linamrudia akiwa kazini, akiwa mezani, akiwa katikati ya wimbo, na kila liliporudi Shivachi alimpa Mungu kitu kingine badala yake. Alifunga kula. Aliezeka upya paa la kanisa pasipo kuomba malipo. Aliwatembelea wagonjwa wa mtaa wa Silanga, akawatekea maji.

"Bwana, si unaona ninavyokutumikia?" aliomba.

Mungu hakuzungumzia paa. Neno lilibaki lile lile.

Ndunge alikuja tena, mara hii kanisani, akangoja mlangoni watu wakitoka. Mchungaji Naftaly alimwita Shivachi pembeni.

"Mzee, huyu mama ametoka mbali. Msikize tu."

"Mchungaji, mimi naweza kusamehe nikiwa hapa hapa. Mungu anajua moyo wangu."

"Kama umesamehe, kwenda kuna ugumu gani?"

Shivachi alichukua kofia yake akapitia mlango wa nyuma. Nasike alimfuata mbio hadi nyumbani.

"Baba, na kama ni kitu cha maana?"

"Maana gani? Mama yako atafufuka?"

Nasike alimpita mlangoni. Aliingia ndani akawasha jiko.

Baada ya hapo neno lile likaacha kumjia. Mwanzoni Shivachi alipumua, akidhani ameshinda. Akaendelea kuomba kwa ufasaha wake, watu wakiitikia amina, ila yeye mwenyewe alijua maneno yake yanaishia kwenye mabati. Siku moja alikuwa akipima mlango wa kabati la mteja wa mtaa wa Ayany, na mara hofu ikamshika. Itakuwaje kama Mungu amechoka naye? Itakuwaje kama amemwacha ashinde?

Akaketi juu ya mbao.

"Bwana," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kanisani. "Mimi ni mtu mgumu. Nimekuwa nikikuimbia na shingo nimekaza. Usiniache hivi. Naenda."

Hakungoja moyo upoe. Alifunga karakana, akakata Ngong Road kwa miguu, akaifuata barabara hadi Kawangware, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele. Aliuliza njia mpaka akamfikia Ndunge kwenye meza yake ya mboga, nje ya ploti walimopanga. Ndunge aliinua macho, kisu cha kukatia sukuma mkononi.

"Nimekuja kumwona Muia," alisema Shivachi.

"Umekuja," alisema Ndunge. Aliweka kisu chini polepole. "Karibu. Lakini umechelewa, Baba Nasike."

Muia alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito. Kiharusi kilikuwa kimempiga mwezi uliopita. Mkono wa kulia ulilala mapajani na mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alipomwona aliyeingia, macho yake yalijaa machozi. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito isiyokuwa na neno ndani yake.

"Anaelewa kila kitu," Ndunge alisema. "Ila hawezi kusema."

"Alitaka kuniambia nini?"

"Maneno ya mama Nasike. Siku ile Muia alimpakata kichwa pale barabarani, na mama aliongea kabla ya kwenda. Kuna neno alisema ufikishiwe."

Shivachi alimgeukia. "Neno gani?"

"Sijui. Nilimuuliza sana. Aliniambia, hayo si yangu wala si yako, ni ya mwenye mke."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuja kwako! Nikaja mpaka kanisani kwako!" Sauti ya Ndunge ilikatika. "Ungenipa nafasi ya kumaliza sentensi?"

Shivachi alimwinamia Muia akamshika bega. "Ndugu yangu, jaribu. Phanice alisema nini?" Muia alijikaza mpaka jasho likamtoka. Sauti ile ile ikatoka, tena na tena, mpaka Ndunge akasema inatosha.

Shivachi alitoka nje akalilia ukutani, wapangaji wakimpita na ndoo zao. Miezi yote hiyo alidhani Mungu anamtuma kubeba mzigo wa Muia. Kumbe alikuwa anaitwa kupewa kitu. Alitamani kurudi moja kwa moja Kambi Muru asionekane tena. Badala yake aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Muia, nimekusamehe. Nilipaswa kuyasema haya zamani. Sasa mimi ndiye ninayekuomba, nisamehe."

Muia aliunyanyua mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya kichwa cha Shivachi. Wakakaa hivyo, Ndunge akichemsha chai na kujipangusa macho kwa leso.

Tangu siku hiyo Shivachi huenda Kawangware kila anapomaliza kazi mapema. Humnyoosha Muia mkono, humshika kiuno wakatembea hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Maneno machache yamemrudia Muia: maji, Ndunge, asante. Neno la Phanice halijarudi, na Shivachi ameacha kumuuliza, maana kila akiuliza Muia hulia.

Mchungaji Naftaly alimwomba atoe ushuhuda. Shivachi alisimama, akakohoa, akakosa ufasaha wake wote.

"Mungu amenisamehe, na hilo sina shaka nalo," alisema. "Lakini kuna kitu alitaka kunipa nikiwa bado ninaweza kukipokea, nikamkatalia. Kama anakutuma mahali, ndugu, nenda leo."

Kisha akaketi. Nasike alisogea karibu, akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa baba yake, na wimbo mwingine ukaanza.