Jina la Kabla ya Machweo

Mwalimu wangu alinifundisha kusikiliza damu kwenye kifundo cha mkono. Alinifundisha kuhesabu siku kwa mbegu nyekundu, na kupasha moto mawe ya chumba cha mvuke bila kuyapasua. Kitu kimoja tu hakunifundisha: namna ya kuwavumilia jamaa wa mgonjwa.

Mgonjwa wangu wa kwanza, nilipoanza kuganga peke yangu, alikuwa Wakib Kej, mke wa Batz. Tulizoea kumwita Kej. Siku ardhi ilipotikisika alikuwa mtoni akifua. Mawe yaliporomoka kutoka gengeni, akateleza, maji yakamchukua. Wanawake wenzake walimtoa akiwa mzima, hana hata mchubuko wa maana, lakini roho yake ilibaki palepale kwenye maji. Tangu hapo alilala mkekani ameugeukia ukuta. Chakula hakukitaka, na maziwa yake yakakauka. Mwanawe mchanga alipelekwa kunyonyeshwa na shangazi yake nyumba ya juu, na kilio chake kilisikika mtaa mzima.

Nilimshika mkono nikaisikiliza damu. Ilikuwa inapita chini ya vidole vyangu kwa kusitasita, kama mgeni aliyeingia nyumba ambamo hajui kama anatakiwa.

"Roho imeanguka," nikawaambia. "Tutaiita. Lakini kwanza safisheni vinywa."

Hiyo ndiyo desturi yetu. Walio nyumbani husema makosa yao kwa sauti mbele ya mgonjwa, maana roho hujikwaa mlangoni ikikuta ndani kuna neno lililofichwa. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mtu akimpenda mgonjwa wake atasema kweli. Nilikaa chini, nikachoma ubani, nikangoja kusikia mambo mazito.

Batz alianza. Alikohoa, akatazama miguu yake.

"Lile yai la bata mzinga ambalo mama alikuwa ameliweka liatamiwe. Nililila mimi."

"Wewe!" Mama yake, Kanil, aliruka kutoka kwenye kigoda. "Nimempiga mbwa wa watu bure!"

"Mama, tafadhali," nikasema. "Zamu yako."

Kanil akajitengenezea shuka lake. "Haya. Nilisema mikate ya mahindi ya mkwe wangu ina ladha ya udongo."

"Ulimwambia nani?"

"Dada yangu tu." Akafikiri. "Na mke wa kaka yangu. Na yule mfinyanzi."

"Yaani ulimwambia kila mtu," akasema Batz.

"Si nimeambiwa niseme? Nasema!"

Nikamgeukia Toj, mama mzazi wa Kej. Alikuwa amekaa karibu na kichwa cha binti yake, anamchana nywele kwa vidole. Hakuinua macho.

"Mimi sina kitu."

"Hata kidogo, mama?"

"Nimesema sina. Unataka nizue?"

Tukaenda mtoni. Nilibeba kibuyu na nguo ya Kej, ile aliyoifuma mwenyewe ya ndege wekundu. Toj ndiye aliyepaswa kuita, kwa sababu roho huijua sauti iliyoiita mara ya kwanza duniani. Akasimama kwenye jiwe akaita: "Wakib Kej! Njoo! Twende nyumbani!" Mimi nikapuliza mdomo wa kibuyu, nikaipiga nguo juu ya maji, kisha nikaanza kuiburuta kurudi ili roho iifuate. Katika safari hiyo hakuna anayeruhusiwa kugeuka nyuma wala kusema neno lingine lolote ila ule wito.

"Si hapo, pita kule, hapo kuna matope," akasema Kanil.

Nikamkazia macho.

"Nini? Nguo inachafuka!"

Kisha Batz akapiga chafya, akageuka nyuma kuomba radhi, sijui kwa nani.

Tukarudia. Siku iliyofuata tukarudia tena. Nilimwingiza Kej kwenye chumba cha mvuke, nikamkanda kwa majani, nikamnywesha mzizi mchungu uliochanganywa na asali. Alikunywa kama mtu anayetimiza amri, akarudi kuutazama ukuta. Uzito wake ulikuwa unapungua kila nilipombeba.

Wakati huohuo nyumba ilikuwa imejaa waganga. Shangazi alisema ugonjwa huu ni wa baridi, apewe pilipili. Jirani akasema ni wa moto, pilipili itamuua, apewe maji ya mboga za majani. Mjomba mmoja, ambaye sikuwahi kumwona kabla wala baadaye, alisema anayehitaji dawa ni Batz. Nikawaambia wote watoke nje. Wakatoka, wakakaa mlangoni, wakaendelea.

"Mwalimu wako," Kanil aliniambia akiwa anasaga mahindi, "angekuwa ameshamaliza, ameshakula, na ameshakwenda zake."

"Mwalimu wangu yuko safarini, mama."

"Najua. Ndiyo maana tuna wewe, mwanangu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo kwa hasira. Kisha nikatandika kitambaa, nikamwaga mbegu zangu.

Mtu huhesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa, na siku hiyo ndiyo jina lake. Wakib Kej ni Sita Kulungu, siku nzuri, ya watu wenye miguu imara. Nikachota mbegu, nikazipanga nnenne, nikahesabu kuanzia hapo. Ikabaki mbegu moja. Nikachota upya, ikabaki moja. Nikabadili swali, nikabadili mkono, nikageuka upande mwingine wa jua. Mbegu moja ilibaki kila mara nje ya mafungu, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yao.

Niliitazama kwa muda mrefu. Halafu nikaelewa. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nilikuwa naanzia siku isiyo yake.

Nikamwita Toj nyuma ya nyumba.

"Mama, Kej alizaliwa saa ngapi?"

"Jua likiwa limezama. Siku mpya imeingia. Kila mtu anajua."

"Nani alikuwepo?"

"Mkunga."

"Yuko wapi?"

"Amekufa, Mungu wa dunia amlaze pema."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi!" akasema Toj. "Au unadhani nilikuwa nimetoka matembezini?"

"Mama. Siku inayotangulia Wakib Kej ni ipi?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Kila mtu kwetu anaijua hesabu hiyo tangu utotoni. Kabla ya Kulungu huja Kame, na Kame ni kifo. Hob Kame. Tano Kifo.

"Nilikuwa na dada," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Alikuwa Kame. Mtu akikohoa mtaani, wanamtazama yeye. Mahindi yakioza, yeye. Hakuna aliyekuja kumposa. Alizeekea jikoni kwa mama, anatembea akipita kando ya kuta. Sasa mimi nikazaa, nikatazama nje, nikaona jua bado liko juu ya kilima, dogo tu, limebaki kidogo sana. Nikamwambia mkunga amfunike, nikampa ziwa anyamaze. Tukangoja."

"Na tangu hapo umekuwa ukimwita kwa jina la mtu mwingine."

"Nimemwita kwa jina litakalomwezesha kuishi!"

"Haishi, mama!" Nilipiga kelele, nami si mtu wa kelele. "Yuko ndani anakwisha! Roho yake imekaa mtoni inasikia mnamwita Kej, na inasema, huyo siyo mimi. Wewe ulikuwa umesimama pale juu ya jiwe unajua!"

"Sikujua. Niliogopa tu kwamba najua."

Nikamwambia aende akasafishe kinywa.

"Mbele ya yule?" Akaelekeza kidevu upande wa jikoni, kulikotoka mlio wa jiwe la kusagia. "Akisikia, hata mwanangu akipona atarudishwa kwangu kama chungu chenye ufa. Na mtoto watabaki naye wao. Wewe hujaolewa, hujui."

Kweli sikujua. Nilitamani sana kumwambia, basi, twende sisi wawili kimyakimya, tuite, tusimwambie mtu. Nilikaribia kabisa kusema. Lakini tungerudi na roho mpaka mlangoni, nayo ingejikwaa palepale. Kutoka nyumba ya juu mtoto akaanza kulia tena, ile sauti ya mtoto anayenyonya ziwa asilolizoea.

Toj alisimama. Akajifuta uso, akaenda mpaka mlango wa jiko, na mimi nyuma yake, na Batz akatoka ndani kuona kuna nini.

"Mkwe wangu," Toj akamwambia Kanil. "Binti yangu si Wakib Kej. Alizaliwa jua halijazama. Ni Hob Kame. Niliwadanganya wote."

Jiwe la kusagia liliendelea kwenda mbele na nyuma.

"Najua," akasema Kanil.

"Unajua nini?"

"Si hilo ulilosema. Nilikuwa naanua mahindi yangu uani, ng'ambo ya bonde. Nikasikia mtoto analia. Nikatazama kilima, jua bado limekalia. Halafu kimya. Nikasema, maskini, amekufa. Giza likaingia, mkunga akatoka akashangilia kama ndiyo kwanza mtoto azaliwe. Nikasema, ahaa."

Toj alishika mwimo wa mlango. "Na ukakubali mwanao amwoe?"

"Mwanangu alikuwa hali, halali, anaimbaimba ovyo. Ningefanyaje? Na tena msichana ana mikono ya kazi." Kanil akakusanya unga kwa kiganja. "Kame ni siku ya bibi zetu waliotangulia. Nani hana bibi aliyekufa?"

"Mbona hukuniambia kitu miaka yote hii?"

"Uongo ulikuwa wako. Ningeanzaje kukusemea uongo wako? Nilikuwa nakungoja."

Hapo ndipo mimi nilipokosa adabu.

"Ulikuwa unangoja?" nikasema. "Niliwaomba msafishe vinywa! Wewe ukanipa mikate ya udongo!"

"Hata hilo lilikuwa kweli."

"Nimeita jina la uongo mpaka koo limekauka! Ulikuwa nyuma yangu! Ulikuwa unanisahihisha njia!"

"Njia ulikosea, mwanangu. Palikuwa na matope."

Batz alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mke wangu anaitwa nani?" akauliza.

Nikatazama kilima. Jua lilikuwa bado juu yake, dogo, limebaki kidogo sana.

"Batz, kaa na mkeo. Nyinyi wawili, mtoni. Sasa hivi. Na mtu akinitajia matope nitamtumbukiza."

Tulikwenda karibu mbio, akina mama wale wawili wakishikana mikono kwenye mteremko kwa sababu hakuna aliyetaka kuanguka mbele ya mwenzake. Toj akapanda juu ya jiwe. Akafungua mdomo, na jina halikutoka. Hakuwahi kulitamka hata mara moja, hata peke yake. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu.

Kanil akapanda juu ya jiwe kando yake. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mlima wa pili.

"Hob Kame!"

"Hob Kame," akasema Toj, polepole. Kisha kwa nguvu: "Hob Kame, mwanangu! Njoo! Njoo twende nyumbani!"

Nikapuliza kibuyu, nikaiburuta nguo. Tulipanda kilima tukiita, sauti ya Toj imepasuka kwa kilio, ya Kanil imenyooka kama fimbo ya kupandia mahindi. Majirani walitoka milangoni. Walilisikia jina, wakatazamana, na mmoja akamvuta mtoto wake ndani. Toj aliwaona. Aliendelea kuita, tena kwa sauti zaidi. Hakuna aliyegeuka nyuma. Nilipita juu ya matope yote, na Kanil, lazima niseme, alivumilia.

Tulifika uani jua likiwa linagusa kilima.

"Hob Kame! Njoo nyumbani!"

"Nipo!" Sauti ilitoka ndani, kavu na yenye kukereka. "Nipo hapa! Mbona mnapiga kelele hivyo? Na mtoto wangu mmempeleka wapi?"

Batz akatokea mlangoni, ameduwaa. "Ameitika," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo, naye ameitika." Kisha akakimbilia nyumba ya juu kumchukua mtoto, akasahau viatu.

Sijui kama ni jina, au ni kule kusikia mama zake wawili wakiita kitu kimoja kwa mara ya kwanza. Siku moja nitamuuliza mwalimu wangu. Niliingia, nikamfunika kwa ile nguo yenye matope, nikamshika mkono. Damu haikusitasita tena. Ilipita chini ya vidole vyangu kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari, anakuta vitu vimehamishwa, na anataka kujua ni nani aliyevihamisha.

Nje walikuwa wameshaanza kugombana juu ya uji, kama utiwe pilipili au usitiwe.