Korambu ya Saruji

Miche ya mpunga ya Pechiyammal ilikuwa imekaa siku kumi bila maji, na ncha zake zilianza kuwa njano. Ndiyo maana asubuhi ile aliufuata mto kwenda juu na wanawake sita wa kijiji cha chini, akamkuta Sudalaimuthu, mkuu wa kijiji cha juu, amesimama kwenye korambu, kile kizuizi cha kugeuza maji ya mto, na ofisa wa umwagiliaji kutoka mjini Tirunelveli.

Kila mwaka vijiji hivyo viwili hujenga korambu pamoja kwa matawi, makuti na mchanga wa mtoni. Maji hugeukia mfereji wa juu, na yanayovuja kati ya matawi huwa ya watu wa chini. Mwaka huu watu wa juu walijenga peke yao. Makuti yalikuwepo, lakini yamelazwa juu juu tu, kama shuka juu ya maiti. Hapakuvuja hata tone.

"Chini ya hayo makuti kuna ukuta wa saruji," Pechiyammal alisema.

"Dada, nenda kapike," Sudalaimuthu alijibu bila kumtazama. "Wanaume wanazungumza."

"Nipike nini, kaka? Wali wangu umo kwenye mfereji wako."

Ofisa alifungua daftari. "Mimi nataka jina tu. Hili ni bwawa au korambu? Bwawa linahitaji kibali."

"Korambu," Sudalaimuthu alisema upesi. "Haki yetu tangu mababu. Andika."

"Andika, bwana, na maana yake uiandike," alisema Pechiyammal. "Bibi yangu alinieleza kwamba jina hilo lilitoka kwa watu waliokuwa hawana kitu ila mikono. Korambu hufungwa kwa mikono, na wa chini akikauka ana haki ya kuifungua kwa mikono. Si hivyo, kaka?"

Sudalaimuthu alicheka, maana alijua alichokifunika. "Ndivyo. Mikono mitupu, chuma kisiguse. Karibuni. Kucha zikivunjika msije kulia kwangu."

Watu wake walicheka. Ofisa aliandika yote, na Sudalaimuthu akatia saini.

Pechiyammal hakuugusa ukuta. Kimoyomoyo alimwomba Pechiyamman, mungu mke aliyempa jina, amtie nguvu mikononi tu; ulimi alikuwa nao wa kutosha. Kisha alikwenda mwisho wa ukuta, pale ulipokutana na mchanga wa ukingo, akapiga magoti na kuanza kuchimba. Wenzake wakamfuata. Korambu hukaa salama juu ya mchanga kwa sababu inavuja. Ukuta huu ulikuwa umebeba mto mzima, na chini yake palikuwa na mchanga uleule.

"Mnafukua nini, panya nyie?" Sudalaimuthu aliuliza.

"Korambu," mmoja alijibu. "Kwa mikono."

Hadi adhuhuri palikuwa pamepita uzi wa maji. Ukawa mtaro. Mara ukingo uliporomoka, ukuta ukainama taratibu na kulala mtoni, na Sudalaimuthu akaruka na viatu vyake hadi majini.

"Nitajenga tena," alisema, akitoka majini.

"Jenga." Pechiyammal alisuuza tope na damu kwenye vidole. "Saini yako tunayo, na mikono tunayo."

Aliteremka bila kugeuka nyuma. Maji yalimtangulia shambani.