Kapteni Kijiko Hakuwa na Kobe

Siku Kapteni Kijiko aliporudi kwenye televisheni, nilifunga kibanda changu cha ushonaji saa tisa mchana na kuwaacha wateja wawili wakinuna mlangoni. Sare za shule zingesubiri. Mimi nilikuwa nimemsubiri yule paka wa katuni mwenye kofia ya bati na birika lake linaloruka kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwa tayari kumkosa kwa ajili ya marinda ya mtoto wa mtu.

Niseme ukweli mapema: utotoni sikuwahi kumwona hata mara moja. Nyumbani hatukuwa na televisheni. Tuliishi chumba kimoja na mama, ambaye alifua mashuka ya hospitali siku sita kwa wiki, Jumamosi ikiwemo. Baba alisafiri kutafuta kazi nikiwa na miaka mitatu, akapotelea huko huko. Ndivyo mama alivyotuambia, na ndivyo tulivyojibu tukiulizwa shuleni. Mwenye televisheni mtaani alikuwa mke wa fundi bomba, nyumba ya nne kutoka kwetu, na sebule yake ilikuwa ndogo. Kaka yangu akaja na habari kwamba mama yule anaruhusu mtoto mmoja tu kutoka kila nyumba. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Ubishi ukaishia hapo.

Basi kila Jumamosi asubuhi kaka alioga, akajipaka mafuta mpaka magotini, akavaa shati lake zuri na kwenda kuangalia katuni. Mimi nilibaki kulinda chumba na sufuria. Akirudi alasiri, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kunisimulia yote, kuanzia birika lilivyopaa hadi lilivyoanguka. Na likianguka, ndipo alipoingia Kobe.

Kobe alikuwa fundi. Wenzake wote walikuwa wakilia na kukimbia huku na huku, yeye anakuja taratibu, miwani imefungwa kamba shingoni, skrubu amezibana kati ya midomo. Anainama, anasema, "Hebu tuone mheshimiwa anaumwa wapi." Kila mtu kwake alikuwa mheshimiwa, hata birika. Akifikiri sana alivuta sikio. Niliwahi kuuliza kobe ana sikio gani la kuvuta. Kaka akasema wa kwenye katuni analo, na kama sitaki asimulie aache.

Nilitaka. Nilimpenda Kobe kupita kiasi. Nikiugua nilimwomba kaka amlete Kobe aseme naumwa wapi. Mpaka leo nabana pini kati ya midomo nikishona, na wateja wakinionya kwamba nitazimeza, nawajibu kwamba nimefundishwa na kobe. Binti yangu ana miaka minane. Tunamwita Wakili kwa sababu hakuna hoja anayoiacha ipite. Huyo amelala kwa hadithi za Kobe tangu hajaota meno.

Tukaketi mbele ya televisheni, mimi na Wakili. Mungu anisamehe kwa niliyoyasema. Paka amekondeshwa utadhani ametoka kulazwa, macho makubwa kama sahani. Birika si birika tena, ni dude la taa taa linaloongea. Kila baada ya dakika mbili wanasimama kuelezana wanavyojisikia, na hakuna anayeanguka.

"Kobe yuko wapi?" Wakili akauliza.

"Atakuja. Huwa anachelewa."

Wiki ya kwanza hakuja. Wiki ya nne hakuja. Nikapandwa na hasira, na mimi nikipandwa nashuka kwa shida. Nilichukua simu, nikaingia kwenye ukurasa wa watengenezaji na kuwaandikia kwamba nimekua na Kapteni Kijiko, kwamba kumtoa Kobe ni kuitoa roho ya katuni yenyewe, na kwamba kama wanaona fundi mzee hapendezi siku hizi, waseme tu waziwazi. Nikabonyeza kutuma, nikasubiri niungwe mkono.

Mtu wa kwanza aliandika, "Dada, kobe gani?" Wa pili akaandika kwamba labda nachanganya na katuni nyingine. Wa tatu alinicheka. Kisha akatokea bwana mmoja mpole, mkusanyaji wa kanda za zamani, akanitumia vipindi vyote vya awali, hamsini na viwili, nijionee.

Nilivitazama vyote. Ilinichukua wiki tatu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, mguu kwenye cherehani. Palikuwa na bata mwizi, palikuwa na mapacha wa panya. Kobe hakuwemo. Birika likianguka, Kapteni Kijiko alilipiga teke, likawaka.

Mwanzoni nilicheka peke yangu kibandani. Nikasema kaka naye, kumbe alikuwa mtunzi. Hata nilijisikia kupendwa: mtu kukutungia kobe mzima, kila wiki, si jambo dogo. Lakini chini ya maneno ya yule bwana mpole palikuwa na ujumbe mwingine, wa mama mmoja aliyekumbuka mambo vizuri. Aliandika kwamba Kapteni Kijiko alikuwa anaonyeshwa Jumatano saa kumi na moja jioni, ndiyo maana watoto wote walikuwa wanatoroka mazoezi ya michezo. Jumamosi kituo kilikuwa hakianzi kurusha matangazo mpaka jioni. Watu kumi na wanne waliandika chini yake kwamba ni kweli kabisa.

Nilisoma hilo mara tatu. Nikamwona kaka akijipaka mafuta mpaka magotini.

Kaka yangu ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu wa heshima zake, na Jumapili huja kula kwangu. Jumapili ile nilipakua chakula na kunyamaza. Nilikuwa nimeshamwandalia na msamaha. Nilifikiri labda alikuwa anabeba mizigo sokoni ili mama apumue kidogo, akaona haya kusema. Nilitaka kumsikia akisema hivyo, nimpige kofi la bega, tucheke.

Wakili hakungoja. "Mjomba, Kobe hayupo."

"Wamemtoa," kaka akasema huku anatafuna. "Katuni za siku hizi hazina adabu."

"Hakuwepo hata zamani. Mama ameangalia zote. Na haikuwa Jumamosi, ilikuwa Jumatano."

Kaka aliacha kutafuna. Aliniangalia mimi, si yeye. Nikamwambia Wakili akacheze nje. Akasema bado hajamaliza kuhoji. Nikamwambia mahakama imeahirishwa, akatoka akiburuza ndala.

"Ulikuwa unakwenda wapi, kaka?"

"Mambo ya utoto hayo, dada. Ya nini leo?"

"Nakuuliza. Jumamosi ulikuwa unakwenda wapi?"

Alikisogeza kijiko chake pembeni ya sahani, akakinyoosha, akakinyoosha tena.

"Kwa baba," akasema.

"Baba gani?"

"Baba yetu. Hakusafiri popote. Alikuwa ng'ambo ya reli, na mke mwingine. Alikuwa fundi redio. Nilikutana naye sokoni siku moja, akanishika mkono, akalia pale pale mbele za watu. Akaniambia niwe nakwenda Jumamosi, mama akiwa kazini. Mama hakujua kwamba nakwenda mpaka anaingia kaburini."

Ng'ambo ya reli. Kutoka kwetu ilikuwa nusu saa kwa miguu, na kwa miguu ya mtoto mwenye hamu ni pungufu ya hapo. Nikanywa maji.

"Skrubu," nikasema mwishowe. "Alikuwa anazibana mdomoni?"

Kaka akaitikia kwa kichwa.

"Na kuvuta sikio?"

"Ndiyo. Na mheshimiwa pia ni yake. Hata redio mbovu aliziita hivyo. Katuni nilisikia tu wenzangu wanasimulia darasani, sijawahi kuiona. Kila nikirudi nakukuta umekaa mlangoni unanisubiri. Nilitaka na wewe umpate kidogo."

Yaani alitegemea nimshukuru. Nililiona hilo machoni mwake, kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja, akitegemea nilainike.

"Wewe ulikuwa unakaa naye, unakula naye, unampokeza skrubu," nikamwambia. "Mimi ukaniletea makombo, tena ukayavisha gamba. Yuko wapi sasa?"

"Alifariki. Huu mwaka wa nne."

Nilihesabu nyuma, haikunichukua muda. "Ile suruali nyeusi," nikasema. "Ulikuja mbio kibandani, ukasema umefiwa na mfanyakazi mwenzako. Niliweka pembeni kazi za watu wote. Nikaipiga pasi kwa mikono yangu."

"Ndiyo."

"Nimekushonea suruali ya kumzikia baba yangu, nikakuaga mlangoni nikakwambia uwape pole wafiwa."

"Nilikuwa mtoto, dada."

"Miaka minne iliyopita ulikuwa na watoto watatu na ufunguo wa ghala."

Kama angeondoka wakati ule, huenda siku moja ningeweza kukaa naye tena meza moja. Lakini nilikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa linanisumbua tangu aliposema ng'ambo ya reli. Nililiogopa. Niliona afadhali niambiwe kwamba baba alinisahau. Mtu aliyekusahau utamfanya nini.

"Hakuniulizia?"

Kaka akainamisha kichwa.

"Aliuliza," akasema. "Tangu Jumamosi ya kwanza. Alisema nikulete. Alikuwa ameshakununulia na viatu. Nilimwambia hutaki kuja."

"Kwa nini?"

"Nyumbani kila kitu kilikuwa chako. Mama alikuwa wako. Nilitaka huyu awe wangu peke yangu. Wiki moja tu, nilisema, halafu nitakuleta. Halafu ikawa wiki nyingine, nikaogopa ukija utasema hukuwahi kuambiwa."

"Na yeye akakubali hivi hivi? Mtoto wa miaka saba hataki kumwona baba yake, hata sababu hakuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia jirani kuna televisheni. Nikasema Jumamosi ndiyo siku ya katuni, umekataa kuikosa."

Nje Wakili alikuwa akibishana na mtoto wa jirani kuhusu zamu ya kamba. Niliwasikia kila neno.

"Akasemaje?"

"Mara ya kwanza alicheka. Alisema nikuache, watoto wanapenda katuni. Aliendelea kuuliza kila wiki, kama umechoka nazo. Hata nilipokuwa mkubwa aliuliza. Baadaye akaacha."

"Kwa hiyo baba amekufa akijua kwamba nilichagua katuni."

"Ndiyo," kaka yangu akasema.

Nilinyanyuka, nikamfungulia mlango.