Mguu Mmoja wa Delphia

Kanisa letu la milimani, huku Virginia Magharibi, linafundisha kwamba Mungu atawapatanisha watu wote naye, asibaki hata mmoja. Majirani hutucheka, wakituita Wasio na Jehanamu. Shangazi yangu Orlena aliamini hivyo miaka arobaini, mpaka mdogo wake, Delphia, alipoendesha gari akiwa amelewa na kumuua Harlan, mwana wa pekee wa Orlena.

Jumapili ya kuoshana miguu, ibada yetu ya mara moja kwa mwaka, kila mwanamke hujifunga taulo kiunoni na kumchagua mwenzake wa kumwosha. Delphia, aliyetoka gerezani wiki hiyo, aliketi benchi la nyuma.

"Shangazi, njoo nikuoshe mimi," nilimnong'oneza Orlena.

"Subiri, mwanangu. Hivi na huyu ataokolewa?"

"Si ndivyo mlivyotufundisha?"

"Ndivyo. Ila nilidhani Mungu angempa kiti mbali na changu."

Akanyanyua beseni, akaenda nyuma. Delphia akaficha miguu chini ya benchi.

"Dada, acha. Sistahili."

"Nani kakuuliza kama unastahili? Vua soksi, maji yanapoa."

Akapiga magoti, akamwosha mguu wa kulia, akaukausha taratibu kwa taulo lake. Akashika wa kushoto. Akauachia, akainuka kwa kujishikilia benchi.

"Huu mwingine mwakani," alisema. "Leo nimefika mwisho wa nguvu zangu."

"Nitauleta," Delphia akajibu, akiwa bado ameshika soksi zake.