Geti la Frankline

Mimi Damaris nikikwambia ndugu yangu Frankline alikuwa na kichwa kigumu, usidhani namsema vibaya. Namsema vile alivyokuwa. Madaktari walimfungua kifua huko India, wakamtoa moyo uliovimba, wakamwekea wa mtu mwingine, lakini kichwa walimwachia kilekile.

Alirudi Karungu na kovu kifuani na mfuko wa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni maisha yake yote, maana mwili haujui shukrani. Ukiona kitu kigeni, hata kama ndicho kinachouweka hai, unataka kukipiga. Watu wa ufukweni walimtania. Wakimwona anaongeza pilipili kwenye samaki, wanasema ni ule moyo wa Kihindi unadai haki yake. Frankline anacheka na kuongeza nyingine. Miaka miwili alikaa hivyo, mzima kabisa, na mimi nikaanza kupata usingizi.

Kila baada ya muda alikuwa anakuja Homa Bay, nilikoolewa, kutolewa damu. Daktari Onyancha alikuwa amemwingiza kwenye utafiti. Damu inatiwa kwenye kikasha cha barafu na kupelekwa Nairobi kwa wenye mashine. Nilimuuliza wanatafuta nini humo, maana siku hizi hujui damu ya watu inaenda wapi. Hakukasirika. Aliniambia kwamba ndani ya chembe za damu kuna jeni, na si zote zinazofanya kazi wakati wote. Nyingine zimelala, nyingine ziko macho. Mwili ukianza kujiandaa kuupiga moyo mgeni, jeni za vita huamka kwanza, kabla mgonjwa hajasikia chochote. Mashine inaangalia zipi zimeamka. Nikamwambia basi ni kama mbwa wa boma, anabweka kabla hujamwona mgeni. Akasema ndiyo, ila mbwa huyu wakati mwingine hubweka bure, kwa hiyo akibweka lazima mtu atoke nje aangalie. Kutoka nje maana yake ni kwenda Nairobi, wachukue kipande kidogo cha moyo wenyewe wakipime.

Sasa nikueleze habari ya geti. Kwetu Wajaluo, mwanamume hukaa kwenye boma la baba yake mpaka siku atakapotolewa kwenda kuanzisha lake, dala. Na hatoki hivi hivi. Baba humtangulia njiani, mtoto wake wa kwanza wa kiume hubeba shoka, mke hubeba moto, jogoo naye hakosi, na nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyohiyo. Wakishalala humo, mwenye dala halali kwingine mpaka siku nne zipite. Tena mdogo hawezi kumpita mkubwa. Kaka yetu Stanley anaishi Mombasa, na kila Disemba alikuwa anasema mwaka ujao. Frankline, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameshatengeneza geti lake tangu kabla ya ugonjwa, na maua ya chuma juu. Likaegemea ukuta wa nyumba ya baba likila kutu, linamngoja Stanley. Mimi geti lile lilikuwa linanikasirisha kila nikipita. Stanley alikuja kujenga Disemba iliyopita, na Frankline akapewa siku yake baada ya Pasaka.

Asubuhi ya siku hiyo fito zimeshakatwa, mabati yamefika, na baba yetu, mzee Jeremiah, amevaa lile koti analovaa harusi za watu. Simu yangu ikaita. Alikuwa Daktari Onyancha. Damu ya mwisho ya Frankline ilikuwa imerudi vibaya, jeni za vita zimeamka karibu zote, na alitaka Frankline aondoke leo hii kwenda Nairobi. Kitanda ameshamtafutia. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema hakika hana, ana hofu, na tangu amjue Frankline hajawahi kuwa na hofu kama hii.

Nilimkuta akipaka geti rangi ya bluu. Ungemwona hungeamini. Hana kikohozi, miguu haijavimba, ametoka kumaliza ugali wa watu wawili. Nikamwambia yote haraka haraka, na kwamba gari nitalitafuta mimi. Akaendelea kupaka. Nikamnyang'anya brashi.

Akasema sawa, ataenda, siku nne zikiisha. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwita mjinga, nikamuuliza kama watu walimpeleka mpaka India ili aje kufa kwa ajili ya mabati. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani haamini, anaona kile kipimo ni ramli tu iliyovaa koti jeupe. Kumbe aliamini kuliko mimi.

Akaniita nyaminwa, dada, vile alivyokuwa akiniita akiwa hataki utani.

"Nyaminwa, nisikilize. Kama hiyo damu inasema uongo, siku nne hazitaniua. Kama inasema kweli, naweza kufia huko Nairobi. Nikifa kabla sijatoka kwa baba nitazikwa kwake kama kijana asiye na kwake, na Trizah atabaki mjane kwenye kile kibanda changu cha ujana kando ya geti la mzee. Nani atamtoa kwenda kuanzisha dala? Maiti?"

"Hujengi nyumba," nikamwambia. "Unachimba kaburi."

"Basi wacha nichimbe kwangu."

Nilimkimbilia baba. Mimi ni binti aliyeolewa, mambo ya dala sina usemi, lakini siku hiyo nilisema. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Alisema mila haikuwekwa ili iue watoto, na Frankline akitaka kwenda hospitali, yeye ataahirisha na wazee wataelewa. Lakini mtu mzima hatamvuta kwa kamba. Kisha akaongeza, polepole, kwamba yeye mwenyewe hajui kama ataiona Pasaka nyingine. Nikaona hapo hakuna msaada. Nikamwendea Trizah, nikijua mume husikia la mke. Alikuwa ameketi karibu na makaa atakayobeba, analia. Hakusema aende, hakusema abaki. Nilimchukia siku hiyo, sifichi.

Basi wakatoka. Baba mbele, Byron mtoto wao na shoka, Frankline na jogoo kwapani, Trizah na moto. Mimi nilifuata nyuma na simu mkononi, daktari anapiga na mimi sipokei. Jioni nyumba ilikuwa imesimama na geti liko mahali pake. Frankline alilifunga kwa ndani, akalifungua, akalifunga tena, akicheka peke yake.

Siku ya pili alikuwa mzima. Ya tatu alinipigia simu kunichokoza, kwamba mbwa wangu amebweka bure. Ya nne miguu ikaanza kuvimba.

Tulipofika Nairobi walikata kile kipande wakakuta vita imeshaingia ndani kabisa. Walimpa dawa kali, na dawa zilifanya kazi. Damu waliyopima baadaye ilionyesha zile jeni zimelala tena. Lakini moyo ulikuwa umechoka. Ulisimama siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani.

Nilimngoja Daktari Onyancha mlangoni kwake Homa Bay. Nilitaka jambo moja tu.

"Zile siku nne ndizo zilizomuua?"

Alivua miwani, akaishika. "Mama, sijui. Kile kipimo kinaniambia hatari inakuja. Hakiniambii kama angepona."

Nilitaka kumpiga. Mashine inajua mwili utafanya nini kabla mwili wenyewe haujajua, halafu ukiigeuza itazame nyuma, haioni kitu. Nililia barabarani mpaka sokoni, na wanawake wanaouza omena, dagaa wa ziwani, wakanishika.

Gari la maiti lilipita geti la baba bila kupunguza mwendo, likaenda mpaka kwenye geti la bluu. Mimi ndiye niliyelifungua. Pale nilipomnyang'anya brashi palikuwa bado na kutu, hakurudi kupamaliza. Walimzika kando ya mlango wa nyumba yake, upande wa kulia, kama mwanamume mwenye dala.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Trizah. Amepanda mtama, amefagia uwanja, jogoo wa siku ile yuko na hataki achinjwe. Tulizungumza habari za shule ya Byron. Kisha akanena bila mimi kumuuliza, akiwa ananimiminia chai.

"Kama angeondoka siku ile akafia njiani, mimi leo ningekuwa wapi?"

Nilitazama geti. Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa swali: na kama angeondoka siku ile akapona? Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kikombe alichokuwa ananipa kilikuwa cha Frankline. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa.