Mkono Unaoshika Tu

Hata daktari wa viungo alishangaa. Alibonyeza kigasha cha kulia cha binti, upande wa nje, chini kidogo ya kiwiko, binti akaruka kama ameguswa na moto.

"Msuli huu umejishikiza kwenye mfupa wa kiwiko, ukashuka hadi mgongo wa kiganja," akasema. "Ndio unaoinua kifundo cha mkono. Kila ukishika kitu kwa nguvu, unakaza ili kifundo kisikunjike. Ndiyo maana kiwiko kinauma. Usikamue nguo mpaka upone."

"Sawa, dokta," binti akajibu kwa adabu zote. Mama yake, aliyempeleka pale kwa kumburuta, akamwamini. Masikini!

Binti huyo ni dobi. Wateja wamembandika jina la Mikono Chuma, na jina hilo limemlevya. Kesho yake tu mama alimkuta uani, amefunga ncha ya blanketi kwenye bomba, anasokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeng'ang'ania katikati.

"We mtoto! Jana tumetoka wapi?"

"Si nimeupumzisha, mama? Wa kulia hausokoti. Unashika tu."

"Kushika ndiko kunakouumiza! Masikio uliyaacha nyumbani?"

"Mama nawe! Mablanketi mawili tu yamebaki."

Mama akafyonza. Binti akaliacha blanketi, akanyanyua birika la maji ya moto kwa mkono wa kulia ayamimine karaini. Halikufika. Vidole viliachia vyenyewe, birika likaanguka kwa kishindo, maji yakatapakaa hadi kwenye mkeka wa mtoto. Mjukuu, mtoto wa binti, alikuwa ametambaa kutoka hapo sekunde chache tu kabla, akifukuza kifuniko cha chupa.

Binti akautazama mkono wake, kisha mwanawe, akakaa chini kando ya maji.

Mama alimbeba mjukuu mgongoni, akamfunga kwa khanga. Akalifungua blanketi kwenye bomba, akalitupia juu ya kamba lilivyo, zito, linachuruzika.

"Litachukua siku mbili kukauka, mama. Wateja watanuna," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Wanune! Lete na lile lingine." Binti akaunyoosha mkono wa kulia alichukue. "Weee! Nani kakwambia ulishike? Kaa hapo hapo!"