Kopo la Corrigan

Saa tisa alasiri ukumbi wa chuo pale Youngstown ulikuwa umejaa, na Leland Hruska alikuwa anasoma makala yake. Tamthilia yenyewe kila mtu aliijua: Corrigan, fundi wa kiwanda cha chuma, anaachishwa kazi, lakini miezi mitatu mizima anatoka nyumbani kila alfajiri na kopo lake la chakula, kana kwamba bado anakwenda zamu. Miaka thelathini wahakiki wameligombania kopo hilo. Wengine wanasema ni jeneza. Wengine wanasema ndiyo Marekani yenyewe: nje inang'aa, ndani tupu.

“Mimi nasema Corrigan ni mwoga,” Leland alisoma. “Kopo tupu, mume mtupu. Anamdanganya mkewe kila siku ya Mungu.”

Makofi yakalia. Profesa Whitcomb, ambaye barua yake ndiyo ingempeleka Leland kusoma Boston, akauliza kama kuna swali.

Mkono ukainuka safu ya nyuma. Leland aliitambua jaketi kabla ya uso: jaketi ya chama cha wafanyakazi, kola imechakaa. Baba yake, Emil. Hakuwa amemwalika.

“Samahani, mimi si msomi,” mzee akasema. “Nani kasema kopo ni tupu?”

“Wahakiki wote, bwana.”

“Walilifungua?” Watu wakacheka. “Sisi wa kiwandani hatujifungii chakula. Mke ndiye anayefunga. Sasa huyu mama anajaza kopo miezi mitatu, na Ijumaa ya mshahara haoni kitu. Hajui? Anajua! Wanasitiriana tu.”

Whitcomb akavua miwani. “Leland, unamfahamu bwana huyu?”

“Hapana.”

Neno lilimtoka mbio, kama chafya. Emil akavaa kofia yake, akatoka taratibu.

Ndipo Leland akamkumbuka mama yake, majira ya baridi yeye Leland alipokuwa na miaka tisa, akifunga mkate na soseji kwenye karatasi ya nta saa kumi na moja alfajiri. “Huko nje kuna baridi, Emil,” alikuwa akisema. Hakusema hata siku moja, “huko kazini”; naye alijua kazi hakuna.

Akaziacha karatasi mezani, akatoka mbio bila koti. Baba yake alikuwa anafuta theluji kwenye kioo cha gari.

“Umesoma vizuri,” Emil akasema bila kugeuka. “Wakikuuliza tena, waambie mimi fundi wa mitambo ya joto hapa chuoni, nilikuwa napita tu.”

Leland akahisi uso wake unawaka kwenye baridi ile. Angetukanwa, ingekuwa nafuu.

“Baba, turudi ndani.”

“Kufanya nini?”

“Niwaambie wewe ni nani.”

Emil akaendelea kufuta kioo, ingawa kilikuwa kimeshatakata.